Karatasi Juu ya Mto

Nilipoletwa na nyonga yangu iliyovunjika
karatasi ilikuwa imenitangulia kitandani,
imejilaza juu ya mto kama mwenye nyumba.

*Wageni: saa nane mchana hadi saa mbili usiku.
Wasizidi watatu kwa mara moja.*
Nilicheka hadi nyonga ikanikemea.
Watatu! Dada yangu yuko Sapporo,
na paka hahesabiwi.

Maua ya kwenye chungu hayakutajwa,
lakini nani hapa Akita asiyejua?
Chenye mizizi humfundisha mgonjwa kukita mizizi.

*Televisheni hutumia kadi.
Mashine ipo ghorofa ya pili, mkabala na dobi.
Sauti isivuke masikio yako.*

Kitanda cha dirishani kilikuwa cha mzee Tokuji,
aliyekata mierezi milimani miaka arobaini
hata msumeno ukamla masikio.
Vipokea sauti hakununua. Vya nini?
Alitazama sumo kimyakimya,
majitu mawili yakivaana bila kishindo,
naye akipiga paja lake, pa!
Hicho ndicho kishindo tulichopata.

Saa nane kasoro dakika mbili, kila siku,
mkewe Fusae alisimama nyuma ya mstari wa njano.
Nesi Hatakeyama alimpungia: pita, mama, pita.
Hapiti. Anaitazama saa ya ukutani
kama mtu anayesubiri wali uive.
Kisha buti zenye theluji kando, ndara miguuni,
dawa viganjani, barakoa,
na jina daftarini. *Uhusiano na mgonjwa:*
mke, aliandika. Kesho yake tena: mke.
Kana kwamba usiku ungeweza kubadilisha.

*Heshimu faragha ya mwenzako.*
Pazia lilijitahidi, maskini, lakini ni kitambaa tu.
"Nimeondoa theluji paani!" alimpigia kelele sikioni.
"Umepanda na nani?"
"Na ngazi!"
Mzee akanyamaza kitambo kirefu.
"Usipande tena."

*Chakula cha nje: muulize muuguzi kwanza.*
Figili iliyokaushwa kwa moshi
iliingia wodini ndani ya mkono wa koti.
Kiziwi hajui kutafuna kwake kuna mlio gani.
Kru. Kru.
Vitanda vinne vilisikia. Hatakeyama alisikia,
akasimama, akaja kwangu
akarekebisha dripu yangu isiyo na kasoro,
akaenda zake.

*Taa huzimwa saa tatu usiku.*
Usiku ule ziliwashwa saa saba.
Fusae alipita na buti zake miguuni,
theluji ikidondoka sakafuni, hakuna aliyeifuta.
Hakuna aliyemwonyesha daftari.
Hapo ndipo nilipojua:
kanuni zilipokaa kimya, zote, kwa pamoja.

Asubuhi godoro lilikuwa tupu, linanuka dawa.
Alikunja taulo. Alirudisha ufunguo wa kabati.
Kisha akafunua pazia langu kidogo,
si zaidi ya upana wa uso wake.

"Zimebaki dakika mia mbili na kumi na mbili," akasema,
akaiweka kadi juu ya blanketi.
"Mashine ya chini hurudisha chenji,
lakini leo siwezi kusimama foleni."
Akaongeza kifurushi cha gazeti, kinanuka moshi.
"Muulize muuguzi kwanza."
Nadhani alikuwa anatania. Barakoa haisemi.

Saa kumi jioni nilichomeka kadi.
Vipokea sauti vyangu niliviacha mtotoni mwa meza.
Majitu yakainama, yakagusa ardhi, yakavaana;
tarakimu kwenye kona zikapungua moja moja.
Sijui sumo. Sikujua nipige paja lini.

Nikafungua gazeti.
Kru.
Viatu vya Hatakeyama vikasita mlangoni.
Akaja, akainua mkono wake taratibu,
akarekebisha dripu
niliyokwisha kutolewa tangu juzi.